Kurasa Ulizozing'oa, Baba

Baba yangu,

Ni miezi mitano sasa tangu tukuzike, na bado nikisikia mtu akitaja bahari nakukumbuka wewe ambaye hukuwahi kuiona. Ulikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano kule Mau Narok. Bahari yako yote ilitoka kwenye kitabu kimoja cha Kiingereza ulichookota katika stoo ya mzungu aliyehama: maisha na safari za afisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyeishi zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Kitabu hakikuwa na jalada, na kurasa za mwisho hazikuwepo. Sisi tulimwita Kapteni tu.

Tukichagua mbegu za viazi jikoni, ulisoma mstari kwa Kiingereza kisha ukatuambia kwa Kiswahili, mimi na Kamau mdogo wangu. Kapteni aliingia melini akiwa na miaka kumi na miwili. Alikula biskuti zenye wadudu. Alizunguka dunia miaka mitatu akichora ramani, kamba za matanga zikiganda barafu. Nilipokuuliza bahari ni kubwa kiasi gani, ulifikiria kidogo, ukasema, "Chukua Ziwa Naivasha, halafu uondoe ng'ambo."

Kesho yake ulitupeleka kwenye bwawa la shamba, ukafunga nati ya trekta kwenye kamba yenye mafundo, ukaitumbukiza. "Kapteni alikuwa anapima maji hivi." Kamau alishika kamba, mimi nikaandika namba.

Na pale Kapteni alipoamuru watu wa kisiwa wapigwe risasi kwa sababu walimnyima maji ya kunywa, hukuruka ukurasa huo. Ulisoma polepole, ukafunga kitabu. "Huyu ni mtu tunampenda," ukasema, "lakini hapa alikosea."

Mwisho ulitusimulia bila kitabu: Kapteni alirudi salama, mke wake akampokea bandarini.

Mwaka huu, ukiwa umelazwa hospitalini Nakuru, nilikipata kitabu hicho kizima, jina la Kapteni likiwa kwenye jalada, kwa muuza vitabu vya mitumba. Nilisoma mwisho wake nikiwa nimesimama palepale. Kapteni hakufika. Homa ilimuua njiani, wiki tatu kabla ya kuona kwao, wakamzika baharini.

Nilipoingia wodini ulikiona mkononi mwangu.

"Basi alifika?"

"Alifika, Baba. Mke wake alikuwa anamngoja."

Ukaniita mami, kama ulivyoniita siku zote kwa kuwa nina jina la mama yako.

"Mami, hizo kurasa nilitoa mimi. Mama yenu tulimzika Jumamosi. Jumapili mkaniletea kitabu, mnataka kujua kama Kapteni amerudi. Ningewaambia nini?"

Nilicheka, kisha kicheko kikanigeuka. Ulingoja nimalize kulia.

"Sasa nisomee vile iko."

Nikakusomea yote, homa na mazishi. Ulisikiliza ukiwa umefumba macho, na nilipofika mwisho ukauliza, "Na mke wake, nani alimpelekea habari?"

Nikatafuta. Kitabu hakikusema.

"Wamemsahau mama wa watu," ukasema, na ulionekana kuumia kweli.

Baba, ulipotuacha wiki mbili baadaye, sikutaka Kamau asikie kwa simu. Nilipanda mpaka Mau Narok, nikamkuta shambani anachimba viazi. Nilitembea kati ya mistari nikijaribu maneno, nikayaacha yote. Nikamwambia tu, "Baba ametuacha." Alichimba mpaka mwisho wa mstari, akaweka jembe chini, akakaa kwenye udongo. Nami nikakaa. Hatukuinuka mpaka mvua ilipotufukuza.

Nimeona nikuandikie ujue kwamba Kamau hakuzipokea habari hizo peke yake.

Pumzika, Baba.

Binti yako wa kwanza