Chupa ya Wadudu wa Chumvi

Ngomeni, Pwani
3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Nyansiongo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, jua tu ndilo linalonimaliza.

Eti umewaambia watu wa kanisa mimi ni mwalimu, kwa sababu unaona haya kusema nahesabu wadudu! Nilicheka, lakini iliniuma. Basi Phanice, anayerudi huko likizo, anakuletea chupa uwaone. Ni mbawakawa wakavu ndani ya chumvi ya huku, hawazidi punje ya wimbi. Wanaishi kwenye tope la ufukweni lenye chumvi kali. Jike huchimba shimo, hutaga, na hukaa humo na mayai yake. Maji yakipanda, huziba mlango.

Mwanao,
Bonareri

Nyansiongo
7 Aprili 2024

Bonareri mwanangu,

Mungu ni mwema, goti limetulia. Natumaini hujaungua ukawa mkaa. Usinipigie, simu huwa naichaji kwa Ombui jirani, na huko siendi tena.

Chupa niliiweka kabatini, karibu na chumvi ya ng'ombe. Mke wa Ombui alikuja kuomba chumvi hiyo, nikamgawia bakuli. Akaiona chupa, akauliza ni nini. Ningesemaje, na nilishakuita mwalimu? Nikafunga kabati haraka. Siku ya tatu ng'ombe wao wa gredi akafa, tena mwenye mimba.

Sasa nikifika kisimani wanakatiza maneno. Jana Sabato benchi langu lilikuwa na mimi na rafiki yangu Persis tu. Wanasema omorogi. Mtu akishaitwa mchawi hapa, hakuna anayemwita daktari wa mifugo, wanatafuta kiberiti. Nikiitupa chupa watasema naficha. Naogopa, mwanangu. Nifanyeje?

Mamako,
Mong'ina

Ngomeni
12 Aprili 2024

Mama,

Nisamehe. Chakula hakipiti. Barua hii naituma kwa basi ifike upesi.

Ndani yake kuna barua ya mkubwa wangu, ina muhuri na jina langu. Inasema wadudu ni wa utafiti, hawaui ng'ombe. Mpelekee chifu leo hii. Waambie chupa ni yangu, nilituma mimi, na kuhusu ualimu ulidanganya. Aibu haiui, Mama. Mwisho wa mwezi nitakuja niwaeleze mwenyewe.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Bonareri

Suneka
25 Aprili 2024

Mwanangu,

Niko hai. Niko kwa mama mkubwa wako Lorna, na uji unashuka.

Barua zako zilifika asubuhi ile ile waliyokuja. Nilikuwa nafunga leso niende kwa chifu, nikawasikia njiani, Ombui mbele, na vijana niliowabeba mgongoni. Wakaitoa chupa kabatini wakauliza, "Nani alikupa?"

Unajua watu wetu husema mambo hayo mama humrithisha binti. Ningetaja jina lako, wangekuwa na wachawi wawili. Nikasema ni yangu, nimeitengeneza kwa mikono yangu.

Persis alinitoa kupitia shamba la chai wakiwa bado wanabishana. Nyumba waliichoma.

Utauliza kwa nini sikuwaonyesha ule muhuri. Nilipowasikia njiani, niliitia ile karatasi kwenye moto wa chai. Ilikuwa na jina lako.

Usije Nyansiongo. Hata ukisikia wananizika, usije.

Mamako,
Mong'ina