Kitabu cha Mzee Gervais

Jumanne, 4 Machi
Kutoka kazini ghalani, mjini Irving, moja kwa moja hadi chuoni, vumbi la maboksi kichwani. Mwalimu amefundisha habari za watumwa wa Roma ya kale waliowaandikia mabwana zao. Bwana anasema maneno mawili, mtumwa anaandika, anasahihisha, hata anatunga. Jina ni la bwana. Hao nawajua.

Jumapili, 9 Machi
Insha imekwisha. Baada ya Warumi nimeweka akina mama wa kambi ya wakimbizi, waliosimulia maisha yao na wageni wakayachapa kwa majina ya wageni hao. Kurasa hizo nimezitoa kwenye kitabu cha Mzee Gervais, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Warundi hapa Haltom City. Kitabu nilikiandika mimi, katibu wake, Kiingereza chote. Kwetu katibu anaandika, mkubwa anatia sahihi. Nimechukua kilicho changu.

Jumanne, 18 Machi
Mwalimu ameniita. Kompyuta imemwonyesha kurasa zangu kwenye kitabu cha mtu mwingine. Yaani mimi mwizi. Nikasema niliandika mimi. Akanitazama kwa huruma. Nimeichukia huruma ile. Anataka barua ya Mzee, la sivyo nafutwa darasani. Bila darasa hili sipati cheti. Miaka mitatu ya kusoma, basi.

Jumatano, 19 Machi
Kwa Mzee, kuomba barua. Mkewe kaleta chai.
"Binti yangu, kitabu nili-present mbele ya askofu. Leo niseme nilidanganya? Huyo mwalimu mwambie ilikuwa mistake, uombe sorry."
Nikajibu, ndiyo Mzee. Ndiyo! Niliandikia kwenye kompyuta yake, sina hata nakala, na bado nasema ndiyo. Nimelia garini kwa hasira. Yeye nina hasira naye. Mimi mwenyewe zaidi.

Jumamosi, 22 Machi
Mwalimu kanipa nafasi moja ya mwisho: nipeleke andiko lolote la zamani lenye jina langu. Nimepekua nyumba nzima. Hotuba za harusi. Wasifu wa marehemu. Barua za watu za kuomba kazi. Risala za parokia. Zote nimeandika mimi, zote zina majina ya wengine. Nimefunua hata daftari hili. Jina hakuna. Nikashika kalamu niliandike, nikaona aibu. Nani ataamini wino wa leo?

Jumanne, 25 Machi
Nimefutwa. Sikubishana. Nilimshukuru mwalimu, sijui kwa lipi.

Alhamisi, 27 Machi
Msimamizi ghalani ameuliza kama Jumanne sasa niko huru. Nimesema niko huru. Jioni Mzee kapiga simu, sauti ya upole, anataka nimwandikie hotuba ya Pasaka. Nimekaa mezani. Nimeandika aya ya kwanza. Imetoka vizuri.