Ansel na Mayai ya Nzige

Shamba la Tuttle,
Bonde la Neosho,
Kansas.
20 Machi, 1877

Mpendwa shemeji Lucius,

Pokea salamu zetu nyingi. Mgongo wako umepoa? Natumaini mkeo Drusilla bado anakukataza kupanda ngazi. Sisi wazima, ila dada yako Keziah anakohoa kidogo. Mimi nimekonda, suruali niliyooa nayo inanienea tena, na Keziah anasema hiyo ndiyo faida pekee tuliyopata kwa nzige.

Barua yako imefika, na habari ya ile kazi ya kupanga wadudu kwenye makumbusho ya Boston. Nilimsomea ndugu yenu Ansel mezani. Kabla ya jibu lake, ni haki ujue yaliyompata nduguyo, maana najua hakukuandikia.

Unajua tulivyomwamini. Ndiye aliyetuokolea matufaha yetu kutokana na funza, na wanafunzi wake wa chuo cha kilimo walimwita Baba Mende kwa mapenzi. Machi ya mwaka jana alichimba shamba la chuo, akakuta mayai ya nzige yameoza. Akaja kanisani kwetu, ibada ilipokwisha, akatuambia tupande ngano bila hofu. Mimi, hodari wa kushangilia nisichokijua, nilikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Lakini shamba la chuo liko chini kando ya mto, lina maji, na mayai huoza. Mashamba yetu yako juu, makavu. Mei tunutu, nzige wachanga wasio na mabawa, walitoka ardhini kama uji unaofurika. Keziah alifunika kabichi kwa mablanketi ya mama yenu. Wakaanza na mablanketi.

Jirani yetu, Hulda Strand, alikuwa amepanda mbegu yake yote. Mumewe alikwenda kutafuta kibarua cha reli, hajarudi. Maziwa yalimkauka Hulda, na Julai tulimzika mtoto wao mchanga ukingoni mwa shamba.

Wakubwa wa chuo walimtaka Ansel aseme kwamba wakulima hawakumwelewa, abaki na cheo na nyumba. Alikataa, wakamfukuza. Analala ghalani kwetu na masanduku yake ya wadudu, na anatandika kitanda vizuri kuliko mimi.

Vuli nzige walitaga tena. Jumanne iliyopita Ansel alikwenda kwa Hulda kuomba kuchimba. Nilimfuata, nikihofia atapigwa jembe.

"Umekuja kunizika na mimi, Profesa?"

"Nilikosea, Bi. Hulda. Mwaka huu sisemi neno kabla sijachimba kwa kila mtu."

"Na ukikuta mayai mazima?"

"Nitakwambia usipande."

Hulda alinyoosha kidole ukingoni mwa shamba. "Basi anzia pale kaburini," akasema. "Pale udongo uko wazi. Ndipo walipotaga sana."

Ansel akapiga magoti, akachimba taratibu pembeni mwa kaburi, akapasua kifuko cha mayai kwa kucha. Mayai yalikuwa mazima. Akamwambia asipande. Hulda akaitikia kwa kichwa, akaenda kumletea maji ya kunawa.

Kwa hiyo Ansel haji Boston, shemeji. Mashamba ya kuchimba ni mengi, na msimu wa kupanda umekaribia.

Tusalimie Drusilla, shangazi Philura na watoto wote. Mungu awalinde, awape shibe tuliyoisahau huku.

Wako akupendaye, hata kwa mwandiko huu mbaya,
Asahel Tuttle