Fomu Iliyobadilika Juu na Chini

Nyakwara Achieng, mjukuu wangu,

Habari ya Nairobi? Huku Kombewa tuko. Nyanya yako goti imepata nafuu, sasa anagombana na kuku tena. Mimi ni babu yako kwa ukoo tu, na masomo umenipita mbali, lakini umeniuliza kitu najua: kwa hiyo fomu ya kompyuta unatengeneza, mtu akibadilisha jibu la chini, la juu pia ibadilike yenyewe, ni vizuri?

Mimi fomu ya chuo nilijaziwa kwa saiba moja ya soko la Kibuye, zile duka za kompyuta. Juu tuliandika nataka kusomea umeme, na chini ikajiandika hivyo hivyo. Kabla itumwe, msichana nyuma yangu akauliza ushonaji inachaguliwa wapi. Kijana wa saiba akamwonyesha kwa kuigusa kwa fomu yangu, hapo chini. Nikaona juu pia umeme imetoka, ushonaji imeingia. Huyo kijana hakuona.

“Umemaliza, ama unataka kuoa hiyo kompyuta?” akaniuliza. Watu wakacheka.

“Iko sawa, bosi,” nikasema. Akatuma.

Chuo walikataa kubadilisha. Walisema ni mimi nilichagua.

Kwa hivyo fomu yako si mbaya, Nyakwara. Ile yangu ilinionyesha ukweli hapo hapo. Lakini weka mahali inauliza mtu tena, polepole, kabla haijaenda. Wengine tunaona na hatusemi.

Wiki jana nilishona ovaroli za wanafunzi wa umeme. Zimewatosha vizuri sana.

Ni mimi babu yako,
Ouma