Halwa Iliyonirukia Usoni

Jumamosi, 4 Shaaban 1303

Leo Mama kanifungua kitambaa cha uso. Kasoma dua, kafuta asali, kaniangalia — kisha kasema shavu linapendeza. Maskini Mama, hajui kusema uwongo! Kioo cha mdogo wangu Miza kimetoweka tangu nilipoungua. Nikachukua sinia ya shaba nikajitazama. Lo! Upande wa kulia ni Sultan bin Mbaruk yule yule, kijana mzuri kuliko wote tangu Mkange hadi Mapinga. Upande wa kushoto simjui mtu huyu.

Nikaifudikiza sinia.

Baba ni mpishi wa halwa. Siku ile nilikuwa nakoroga kwa mkono mmoja, kuwaonyesha rafiki zangu ustadi. Ustadi ulikuwepo! Halwa tu ndiyo iliyokosa adabu, ikanirukia. Nayo ikikuganda haimwagiki kama maji. Inakaa pale pale, inakupika.

Jumanne, 7 Shaaban

Baba kataka nishuke jikoni, hata kukaa tu. Nimefika mlangoni nikasikia sufuria kubwa ikiburutwa — jasho! Nikageuka. Nikamwambia Miza moshi unaniumiza macho.

"Kaka, moto haujawashwa."

Msichana ana mdomo huyu. Sijui ataolewa na nani. Nimerudi juu. Usingizi nao taabu: nikifumba macho tu, nasikia halwa inachemka karibu na sikio.

Ijumaa, 10 Shaaban

Msikitini sikwenda. Lakini kukaa ndani kunachosha, nami si kuku wa kuatamia. Nikaiba shela ya shangazi Biubwa na barakoa yake, ile yenye zari. Uso wote umefichika, yamebaki macho — na macho yangu ni mazuri. Nikatoka. Raha! Hakuna aliyenikodolea. Hakuna mtoto aliyekimbilia kwa mama yake. Nikapita sokoni kwa maringo, kikapu mkononi.

Nikutane na nani? Msabaha, mwenzangu wa ngoma na wa ugomvi.

"Shikamoo, bi mkubwa."

Nikatikisa kichwa tu, maana sauti ingeniumbua. Akakipokea kikapu, akanifuata, domo halifungi. Kumbe ananisimulia mimi mwenyewe! Ana rafiki, kaungua, kila alasiri wanakwenda kumjulia hali, kila alasiri wanaambiwa kalala. "Ngoma yetu imekufa, bi mkubwa. Hakuna wa kutudanganya."

Nikacheka. Kicheko changu mji mzima unakijua. Msabaha kasimama. Kaniangalia miguu. "Sultan?"

Nikapandisha shela nikatimua mbio! Kikapu kimebaki kwake.

Jumapili, 12 Shaaban

Msabaha siri ya shela kamwambia Ausi peke yake, mwenzetu wa ngoma. Alasiri wamekuja wote wawili, Mama kawajibu nimelala, kama kawaida. Msabaha kapaza sauti pale pale njiani: "Basi mwambieni yule bi mkubwa wa miguu mipana nimekuja kumposa!" Nimecheka mpaka shavu likavutika, likauma, kisha sijui vipi nikalia. Kidogo.

Nikawaita wapande. Miza kakimbilia chumbani. Ausi akawa anatazama mkeka. Mkeka una nini? Afadhali angenitukana. Msabaha alinitazama sawasawa, akazunguka akatazama na upande wa pili, akasema nimekuwa papai lililoiva upande mmoja. Nikampiga kwa mto. Tukacheza bao mpaka magharibi, nikawafunga wote.

Wanataka nitoke nao kesho. Nikasema nina kazi nyingi. Ausi kauliza kazi gani. Nikajifanya napanga kete.

Jumanne, 14 Shaaban

Usiku wa leo ni wa nusu Shaaban, mtaa mzima unataka halwa ya kugawiana. Na Rajabu, mkorogaji wa Baba, kashikwa na homa! Baba anakoroga peke yake tangu asubuhi. Halwa haina subira: mwiko ukisimama inashika chini, inaharibika yote. Mimi niko juu dirishani, naandika, nachungulia uani.

Baba kaniita. Nikaitika, naja. Sikwenda. Kaniita tena, na safari hii si sauti ya amri. Ananiomba. Baba yangu, anaomba! Lakini uani pamejaa watu na mabakuli yao, na nyuso zao nzima nzima. Wote watageuka wanitazame.

Bega la Baba linatetemeka, naliona toka huku.

Aa, Msabaha katoka kwenye kundi, kaupokea mwiko. Huyu! Anauvuta kama kasia. Nimecheka peke yangu. Baba kaketi chini, anakohoa, anajisugua mkono. Ausi anashangilia. Na sasa yule bwana kaiinamia sufuria, ananusa, eti anaonja kwa pua! Mapovu yamekuwa mazito. Hapo ndipo inaporuka. Hajui. Hakuna anayemwambia.

Nimemwita. Kelele tupu, hasikii. Nimeita tena. Kazidi kuinama, mjinga huyo! Nashuka mara moja tu, nimvute ukosi — kilemba changu cha kufichia shavu kiko wapi — basi, hivi hivi —