Nani Anamsuka Akiru?

Doha, Ijumaa mchana

Mpenzi wangu Baba Akiru,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto, nikimshukuru Mungu aliyenifikisha leo. Mimi ni mzima. Goti la kushoto hunisumbua nikipanda ngazi, lakini halijanilaza. Natumaini wewe, Akiru na Ewoi mko salama, na kwamba kifua cha Ewoi kimetulia baada ya lile vumbi. Je, mvua imefika Isiolo? Usiniambie iko karibu, maana hivyo ndivyo unavyoniambia kila mwaka.

Barua hii inaletwa na mwenzangu wa Meru anayekuja likizo. Ni mtu mzuri, tunasali naye kila Ijumaa, maana huku ibada ya kanisa ni siku hiyo, lakini bahasha nimeipaka gundi, nikaipiga seloteipu, kisha nikatia sahihi juu ya seloteipu. Ukiona sahihi imekatika nijulishe. Unanijua.

Ningeweza kupiga simu, ila kwenye simu nikianza jambo zito wewe husema "tuko sawa" na kumpa Ewoi, naye Ewoi hunipa habari za mbuzi wa jirani mpaka muda unaisha. Neno nililo nalo leo halitaki kukatizwa. Nimekukosea, mume wangu, na kosa lenyewe hulijui lote.

Lilianza na ile picha ya watoto wakiwa wamesimama mbele ya rafu ya vitabu. Wewe uliona watoto wamependeza. Mimi niliona kichwa cha Akiru. Alikuwa amesukwa mistari minane, imenyooka kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, na ncha zimefungwa uzi mweusi vile ninavyozifunga mimi. Nikaikuza picha kwa vidole. Nikaona na vitabu vyote vimefunikwa karatasi mpya, pembe zimekunjwa vizuri. Nikajiuliza: huyu mwanamume wa kuchomelea mageti, ambaye vifungo vya shati la mtoto humshinda, amepata wapi vidole vya namna hii?

Nikakupigia, nikauliza kwa sauti ya kawaida nani anamsuka Akiru. Ukasema, "Usijali mambo ya nywele, wewe kula vizuri huko." Kisha ukarukia habari za barabara ya Kinna, kana kwamba mimi nina gari. Nikaomba kuongea na mtoto. Nikamuuliza yeye. Akasema, "Baba amesema nisiseme."

Hebu fikiria ungekuwa wewe.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Nikimsugua miguu bibi ninayemtunza hapa, namwona mwanamke jikoni kwangu. Nilimpa mpaka sura: mrefu, mwimbaji wa kwaya, anacheka kwa kujizuia. Nikamvalisha leso yangu ya njano. Kila simu nikawa nasikiliza kilicho nyuma ya sauti yako. Sufuria ikilia nauliza, "Ni nani huyo?" Unasema ni paka. Nilianza kumchukia huyo paka.

Nikaulaumu hata mlango wetu. Unakumbuka tulipooana tulikubaliana kwamba nyumba yetu haitakuwa na televisheni bali vitabu, na kwamba mtu akipiga hodi hataulizwa kabila wala dini kabla ya kupewa kiti. Nilijivunia jambo hilo miaka yote. Sasa nikajiambia, nyumba inayomkaribisha kila mpita njia, siku moja atapita mtu asiyetaka kuondoka.

Hapo ndipo nilipofanya jambo baya, lakini nitalisema kwa mpangilio, maana nikianza nalo sitamaliza barua.

Nilimtuma Atabo. Ndiyo, binamu yangu wa Gotu hakuwa anapitia tu akienda sokoni. Nilimwambia aje Jumamosi kabla ya saa sita, bila taarifa, aangalie kamba ya nguo, aangalie bafuni kama kuna mafuta ya kujipaka yasiyo yako, ahesabu vikombe vilivyotumika. Nilimpa kazi kama askari.

Anasema alipofika alikukuta uani umekaa kwenye kigoda, Akiru katikati ya magoti yako akikusomea kitabu kwa sauti, na wewe una kichana mdomoni. Alisimama getini muda mrefu akitazama mlango wa jikoni, akimngojea mwanamke atoke amalizie kazi aliyoianza. Hakutoka mtu. Ndipo ulipomwona.

"Ejoka, Atabo! Karibu, karibu. Usinipe mkono, niko na mafuta."

"Shemeji, ni wewe unasuka?"

"Sasa ni nani mwingine? Mama yake ako mbali."

Amenieleza yote. Kwamba ulimwomba Mama Shamsa wa dukani akufundishe, yeye amekaa ndani ya geti lake kwa heshima, wewe umesimama nje, na mafunzo yenyewe ni kamba za katani ulizozifunga kwenye chuma cha geti. Kwamba wiki nzima watu walidhani unatengeneza kamba za punda. Kwamba yule mama wa Kisomali alikuwa akikupigia kelele, "Polepole, warya! Hiyo si chuma, ni kichwa ya mtoto!" Na karatasi za kufunikia vitabu zilitoka kwa wajukuu wake, ambao huja kwetu kusoma na watoto baada ya shule. Nilicheka peke yangu mpaka bibi wa hapa akaniuliza kwa ishara kama naumwa.

Lakini unajua sikuamini mara moja. Nilidhani umemlainisha Atabo kwa chai ya maziwa. Nikamwambia alete picha. Akaleta: vidole vyako vyenye makovu ya moto, vimeshika nywele za mwanangu. Hapo nililia, Baba Akiru, na nikwambie ukweli, sehemu ya kilio hicho ilikuwa bado wivu. Nilikuwa nimejiandaa kushindana na mwanamke. Sikuwa nimejiandaa kusikia kwamba mtoto anasinzia mikononi mwako akisukwa, wakati mimi alikuwa akinililia na kunivuta sketi. Kichwa hicho kilikuwa changu. Ndicho kitu cha mwisho nilichokigusa nilipoondoka.

Atabo alikuuliza kwa nini ulimkataza mtoto asiseme. Ukamjibu, "Mama Akiru akijua nywele nimezoea, ataona kama hana kazi tena kwa huyu mtoto. Ataumia na ako peke yake huko." Ulinijua kuliko nilivyojijua. Mimi wakati huohuo nilikuwa nakutafutia hatia bafuni.

Sasa nakuja kwenye lile jambo.

Unajua desturi ya nyumba yetu, ile tuliyoipokea kwa mama yako: mgeni akishakula, anachagua kitabu kwenye rafu, watoto wanamsomea, tunaomba, na hapo tu ndipo anapoulizwa kilichomleta. Atabo alikuwa na uongo wake tayari, habari za gunia la mahindi. Lakini alikuwa ameshiba chakula chako, Ewoi amemsomea kurasa mbili akimshika goti, na wewe umeliombea hata gari litakalomrudisha. Ulipomuuliza, "Haya dada, umetuletea neno gani?" gunia lilimshinda. Akasema, "Nimetumwa na Mama Akiru niangalie kama kuna mwanamke hapa."

Anasema hukukasirika. Ulisema tu, "Hata wazee wa kanisa waliniita juu ya hiyo. Wamenipumzisha nisifundishe shule ya Jumapili. Sijui ni nani aliwaambia. Naomba Mungu nisimchukie."

Atabo alinipigia akiwaka. "Kuna mtu hapo kanisani amemchongea shemeji," aliniambia. "Huyo mtu, Mungu amwone."

Mungu ananiona. Ni mimi.

Nilimwandikia mwenyekiti wa akina mama. Na angalia jinsi nilivyoandika: sikusema "nashuku". Nilisema "nimesikia". Sikuwa nimesikia kitu chochote kwa mtu yeyote. Nilichagua neno hilo nikijua litafanya kazi, kisha nikaongeza kwamba si vizuri mtu wa namna hiyo kusimama mbele ya watoto. Akanijibu kwamba wataliombea, nami nikalala vizuri siku hiyo. Miezi mitatu umekaa benchi la nyuma, watoto wa kanisa wanakuuliza kwa nini huwasomei tena, nawe kila Jumapili unaniambia ibada ilikuwa nzuri. Nisamehe. Sina kisingizio. Umbali si kisingizio, wenzangu wengi wako mbali na hawakuandika neno hilo.

Kuna na jambo jingine ambalo Atabo hakutaka kunieleza, nikamlazimisha. Ulipotoka kumsindikiza, Akiru aliwafuata mpaka barabarani, akamuuliza, "Kwa hivyo Mama anaweza kutuma mtu kutoka huko? Mbona asijitume yeye?"

Nimelibeba swali hilo siku tisa. Jana nimemwambia mwajiri wangu kwamba mkataba ukiisha sitaongeza ile miaka miwili tuliyozungumza. Najua tulipanga vingine. Tutapanga upya. Mwambie Akiru najituma.

Nisalimie mama yako, mama mkwe wangu mpendwa, na umwambie nakunywa maji mengi alivyoniagiza. Msalimie kaka yako wa Ngare Mara na mke wake aliyejifungua juzi. Mwambie Mama Shamsa kwamba ninamwombea kwa njia yangu na yeye aniombee kwa njia yake, na kwamba nilipoona mistari ile minane niliilaani mikono iliyoisuka bila kujua ni ya mwanafunzi wake. Atabo usimkasirikie, nilimsumbua mpaka akakubali. Mbusu Ewoi. Paka naye nimemsamehe.

Sasa ombi la mwisho. Jumapili ya kwanza ukishaipata, ipeleke barua hii kwa wazee wale waliokuita, na mwenyekiti wa akina mama awepo. Isomwe yote, tangu juu hadi chini, hata mahali pa aibu. Mpe mtu mwingine aisome, Baba Akiru, usiisome wewe. Wewe ukifika mahali nilipoandika "nimesikia", utaparuka ili unisitiri.

Ni mimi mkeo,
Mama Akiru