Majeruhi wa Kamati

Tarehe 9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi sijambo, ila mgongo unalalamika kwa kuinamia cherehani. Kiwandani tunashona sare za shule na msimu ndio huu.

Mama, sizunguki. Nimepata chumba cha pili, kimepakana na changu, kina dirisha zuri. Ni chako. Njoo kabla mvua hazijaanza. Mwaka jana mto ulipofurika, wewe ulishinda juu ya meza ya jikoni, maji yakipita chini yako, na hakuna mtu aliyejua uko wapi. Usinijibu kwamba hukuumia. Nijibu unakuja lini.

Mwanao,
Kitindamimba

Tarehe 20 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba, mwanangu. Goti linasema lake na mimi nasema langu, hatusikilizani.

Habari ya chumba imenifurahisha, Mungu akuzidishie. Lakini siji. Tulia, usome kwanza. Baada ya yale ya mwaka jana kijiji kimeunda kamati ya maafa. Mwenyekiti ni Refa, kwa sababu ndiye mwenye filimbi. Akiipuliza kwa kirefu, ujue mto unapanda, na kila mtu anakimbilia shuleni kule mlimani. Kila nyumba inajua inamchukua nani. Seremala ametengeneza machela ya mbao, na mimi nimechaguliwa kuwa majeruhi wa mazoezi. Kwa nini mimi? Mkunga alisema mbele ya watu wote, "Wakiweza kumpandisha huyu mlimani, hakuna atakayewashinda." Nilitaka kununa, nikajikuta nacheka. Siku ya kwanza waliniangusha mara mbili. Sasa wananibeba kama yai, na mimi huko juu natoa amri: "Kushoto! Taratibu! Nyie, leo hamjala?"

Kuna siku tuliaibika. Refa alikuwa anachezesha mechi, akapuliza faulo kwa pumzi zake zote, na nusu ya kijiji ikakimbilia mlimani na magodoro kichwani. Golikipa wetu naye alitoka mbio, akaacha goli wazi, tukafungwa. Tangu hapo faulo zinatangazwa kwa mdomo.

Basi tupatane. Nipe mvua za mwaka huu tu. Nikipanda tena juu ya meza, nafunga virago mwenyewe na kuja, wala sitanung'unika.

Mama yako,
Majeruhi

Tarehe 2 Machi

Mama Majeruhi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma wakati wa chai, nikacheka hadi msimamizi akadhani nalia. Haya, mvua za mwaka huu tu. Lakini tumepatana, na kitanda chako nimeshakitandika. Filimbi haizuii maji, Mama.

Mwanao

Tarehe 17 Aprili

Mama,

Shikamoo. Redio imesema mito yote ya upande huo imefurika. Simu ya dukani haiiti. Hii ni barua ya pili wiki hii. Niliomba ruhusa kazini nikapewa, nikafika stendi nikaambiwa barabara imekatika. Roho iko mkononi. Najuta kwa nini nilikubali. Niandikie neno moja tu, au mwambie yeyote akuandikie.

Mwanao

Tarehe 26 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe. Daraja lilichukuliwa na maji, barua zako nimezipata leo zote kwa mpigo. Mimi mzima. Sote wazima, ila kuku wamepungua.

Filimbi ililia mchana, nikiwa nachambua mchele. Kabla sijainuka, wabebaji wote walishafika mlangoni na machela. Mwanangu, wamezoea kunibeba hata wamesahau kwamba siumwi! Wakanilaza, wakaninyanyua, tukaondoka kwa mwendo ule ule wa mazoezi, na mimi kwa ujinga wangu nikaanza kutoa amri. Tulipofika kwenye kona ya kinu, nikamwona mke wa Refa ameng'ang'ania uzio, uchungu umemshika, na mumewe yuko mtoni anapuliza filimbi. Tumbo lake tulilijua sote, lakini hatukumpangia mtu wa kumbeba, maana kila zoezi alikuwa anatupita mbio. Nikapiga kelele, "Nishusheni!" Wakajibu, "Bado hatujafika, Mama." Ikabidi nijirushe. Tukamlaza yeye, nami nikapanda mlima kwa goti hili hili, nikifoka nyuma yao, "Msimtikise!"

Amejifungulia darasani, mikononi mwa mkunga. Ni binti, na sauti anayo. Alipolia tulipiga vigelegele hata mvua haikusikika. Refa alifika wa mwisho, amelowa chapachapa. Alipoambiwa amepata mtoto, akaipuliza filimbi kwa furaha, na sote tukamkemea, maana hatukuwa na mlima mwingine wa kukimbilia.

Nyumba yangu iliingia maji hadi dirishani. Seremala na wenzake wameshatoa tope, nimerudi kulala kwangu. Meza sikuipanda. Hata hivyo uamuzi nakuachia. Najua ulivyoteseka, na sipendi uishi kwa hofu kwa ajili yangu. Ukisema njoo, nitakuja.

Mama yako

Tarehe 6 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Nililia kwanza, kisha nikacheka, kisha nikaisoma barua yako kwa sauti kiwandani na cherehani zote zikanyamaza. Nina furaha, Mama, sijui hata niiweke wapi.

Usije. Kile chumba nimemrudishia mwenye nyumba. Nilitaka kukuokoa, kumbe nilikuwa nakuleta kwenye jengo ambalo moto ukiwaka hakuna anayejua kama nimo ndani. Majirani zangu nawajua kwa viatu vyao tu, vile wanavyoviacha mlangoni.

Jumapili nilipiga moyo konde, nikabisha hodi mlango wa pili. Akafungua mzee anayetembelea magongo, akanitazama kama nimekuja kumfukuza. Nikamwambia, "Shikamoo, baba. Mimi jirani yako wa hapo. Nimekuja kukuuliza, kukitokea jambo, nani anakushusha ngazi?"

"Hajawahi kuniuliza mtu," akasema. "Na wewe je, nani anakuja kukuamsha?"

Nikamwambia, "Hakuna." Tukatazamana, tukaangua kicheko pale pale mlangoni. Kesho tunabisha hodi mlango wa tatu, mimi na yeye.

Mwanao